Kopo la Tisa

Yako dirishani makopo manane,
nimeyapanga kwa miaka, si kwa urefu.
Jua la Gulu huyafikia kabla halijanifikia mimi.

La kwanza ni la harusi ya Aryemo.
Siku saba, liliapa, siku saba tu na madoa kwaheri.
Siku ya saba katika kila picha mimi niko nyuma,
nimejificha kwa gomesi ya mtu mnene.

La pili lilinuka limau na uongo.
La tatu silikumbuki, ila bei yake:
nusu ya kodi ya chumba.

La nne lilikuja kwa miguu.
Wahenga walishasema kibaya chajitembeza,
lakini wahenga hawakuwa na chunusi kidevuni,
nami nilimfungulia mlango yule kijana wa begi,
nikamkalisha, nikampa chai, nikampa na pesa.

La tano lilifanya kazi.
Ndiyo, lilifanya, na hapo ndipo hofu ilipo.
Halikuwa na lebo. Lilikorogwa nyuma ya saluni
kwenye barabara ya kwenda Juba,
na ndani ya wiki tatu nikang'aa kama sahani ya wageni.
Wauza nyanya wakaniita madamu.
Vifundo vya vidole tu ndivyo vilivyogoma kuhama:
uso umeshafika Kampala, mikono bado inalima.
Kisha jua likaanza kuniuma,
kila siku mlangoni, kama mtu anayenidai.

La sita na la saba yalikuwa ya kutibu la tano.

La nane ni moo yaa. Mama alizitwanga kokwa mwenyewe,
akachemsha, akaengua mafuta, akachuja,
yakaja na basi kutoka Kitgum ndani ya chupa ya soda
yakinuka moshi wa jiko lake.
Hapa mngependa nimalizie, najua.
Mngependa niseme: kumbe dawa ilikuwa nyumbani.
Samahani, mama. Visigino vyangu vinakushukuru,
viwiko vinakuombea,
midomo ya wanangu haipasuki tena kiangazi;
lakini usoni, siku ya nne,
chunusi zilichipuka kama uyoga baada ya mvua.
Sijamwambia. Akipiga simu nasema: mazuri, niongezee.

Basi nikaenda kwa Ojara, duka la dawa karibu na hospitali,
koti jeupe, kifungo cha pili kimekatika.
Nikaweka elfu hamsini juu ya kioo cha kaunta.
Nipe linalofanya kazi, nikasema.
Akanitazama, si kama mwanamume amtazamavyo mwanamke,
bali kama fundi atazamavyo paa linalovuja.
Akauliza napaka nini. Nikamtajia.
Akaandika, akageuza karatasi, akaendelea kuandika.
Kisha akairudisha noti yangu kwa kidole kimoja.

"Acha."

Niache lipi?

"Yote. Sabuni ya mtoto. Maji. Kofia pana.
Miezi mitatu, halafu uje tuzungumze."

Nilitoka nimenuna kama mtu aliyenyimwa chakula msibani.
Miaka sita natafuta wa kuniuzia,
na wa kwanza kuniambia kweli
ndiye aliyekataa pesa yangu.

Leo ni wiki ya kumi na moja.
Pale pangekaa kopo la tisa huweka kofia.
Sijawa malaika. Doa la shavu la kushoto
lipo palepale, limetulia kama mpangaji aliyelipa.
Lakini asubuhi hii nilinawa, nikajipangusa,
nikapita kando ya kioo kwenda kuwasha jiko,
na chai ilikuwa imeshachemka
nilipokumbuka kwamba sikujitazama.